Beringi zisizo na gololi: yaliyonikuta na lezi kuukuu

Siku lezi yangu, mashine ya kukerezea vyuma, iliponasa nilikuwa nakereza bushi ya shaba ya injini ya boti. Mwenye boti alikuwa amekaa mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananisubiri, maana wavuvi wenzake wa Deep Sea, hapa Tanga, walikuwa wanaingia baharini jioni ileile. Kwanza ikaja harufu ya mafuta yanayoungua. Kisha mlio mwembamba, kama panya aliyebanwa. Halafu mkanda ukaanza kuteleza juu ya puli, mota inazunguka, spindo, ule mhimili unaoizungusha kazi, imesimama kimya. Nikazima. Nikaweka kiganja juu ya kichwa cha lezi kinachoibeba spindo, upande wa mbele pale penye beringi kubwa, nikakiondoa hapohapo. Kilikuwa cha moto kama kikaango.

Nilisoma ufundi wa mitambo chuoni, nikafanya kazi kwa watu miaka sita kabla ya kufungua karakana yangu. Bado miezi minne ilinitosha kuiharibu mashine ambayo imefanya kazi tangu kabla sijazaliwa, na kabla mama yangu hajazaliwa. Wapo wenzangu wengi wanaotafuta lezi za zamani kwa sababu mpya hatuziwezi kwa bei. Naandika ili wasipite nilikopita.

Mashine yenyewe ni South Bend ya inchi 9, iliyotengenezwa Indiana, Marekani. Niliinunua mwaka 2019 kwenye karakana ya shamba la mkonge lililofungwa, njia ya Korogwe. Waliokulia Tanga wanajua habari ya karakana za mashamba: korona, ile mashine ya kuparua nyuzi za mkonge, ikisimama, mkonge uliokatwa unaharibika, na hakuna muda wa kusubiri kipuri kije na meli. Kipuri kilikerezwa palepale shambani. Nililipa shilingi milioni 4 na laki 2, na Canter ya kuileta hadi Ngamiani ikanila 280,000. Nilipoishusha nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Kosa la kwanza nililifanya na brashi. Nilitaka ipendeze, nikaipiga rangi ya kijani mwili mzima. Mbele ya kichwa cha lezi, chini ya kila beringi, kuna kikombe kidogo cha kutilia mafuta, kina kifuniko cha springi kinachofunguka kwa kucha. Viko viwili. Nikavipaka rangi navyo, vikagandana. Wiki iliyofuata nikavikwangua kwa bisibisi, na maganda ya rangi yakadumbukia ndani. Sikuyafikiria tena.

Kosa la pili nililifanya na chupa. Dukani jirani kulikuwa na oili ya injini namba 40, ile tunayotia kwenye jenereta. Nikasema oili ni oili. Isitoshe nilidhani mafuta mazito yanalinda zaidi. Nikajaza vikombe vyote viwili, nikawasha.

Ikafanya kazi. Hapo ndipo ubaya ulipo, kwamba mashine haikukataa siku ya kwanza. Ila kila baada ya nusu saa kichwa kilipata joto, na kadiri nilivyoongeza mwendo ndivyo joto lilivyoongezeka. Nikajiambia beringi zimekwisha. Nikapanga kuzibadilisha.

Nikafungua. Nikatoa kikamatio cha taya tatu kinachoshika kazi, nikakata mkanda, nikalegeza nati ya nyuma, nikalegeza bolti za beringi, nikagonga spindo kwa kipande cha mbao hadi ikatoka upande wa mbele. Nikachungulia ndani nikitafuta gololi au roli. Hakuna. Tundu laini tu la kasti, yaani chuma cha kumimina, limeng'aa kama kioo, na kwenye sakafu ya tundu kijitundu kingine kidogo chenye kitu cheusi kinachochungulia. Niliamini kabisa kwamba kuna mtu alizitoa beringi zangu akaziuza kabla sijainunua mashine. Nikapanda basi la Dar es Salaam, nikaenda Gerezani kwenye maduka ya vipuri nikiwa na vipimo kwenye karatasi. Kila duka waliniuliza swali moja: "Dada, namba ya beringi?" Sikuwa nayo, kwa sababu haikuwepo. Nauli, chakula na siku mbili, yapata 90,000, nikarudi mikono mitupu.

Kile kitu cheusi kilichokuwa kinachungulia ndicho kilichokuwa na thamani kuliko vyote. Ni utambi wa felti, kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa, umekaa juu ya springi ndani ya kisima kidogo cha mafuta kilicho chini ya beringi. Springi inausukuma juu ili kichwa chake kiguse spindo muda wote. Mafuta unayotia kwenye kikombe cha mbele yanashuka kisimani, utambi unayanyonya, unaipaka spindo kutoka chini, na mafuta yanayomwagika pembeni yanarudi kisimani kupitia mifereji. Sikujua. Niliirudisha spindo kwa kuisukuma moja kwa moja, na ukingo wake ukaukata utambi wa mbele kama kisu kinavyokata uyoga. Nilipoona kipande cha felti kimetoka, nikakata sponji ya godoro ukubwa uleule, nikaipachika mahali pake. Nikaongeza oili namba 40. Wiki tatu baadaye ndiyo ile siku ya bushi ya boti.

Yule mvuvi hakugomba. Alisimama, akatazama mashine, akasema, "Pole, dada. Basi nipe nikatafute kwingine." Nilimrudishia pesa yake na nikamlipa shaba yake iliyoharibikia mashineni, jumla 150,000. Kwa muda wa wiki tano baada ya hapo lezi haikukereza kitu.

Aliyenitoa shimoni ni mzee mmoja wa Majani Mapana, aliyewahi kuwa fundi wa karakana za mkonge. Nilielekezwa kwake na muuza vyuma chakavu. Nilimkuta barazani anakunywa kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye South Bend?"

Habari zilishafika. Akaniuliza swali moja tu kabla ya kunyanyuka: nimeipa mafuta gani. Nikamwambia namba 40. Akaweka kikombe chini.

"Huo ni uji," akasema. "Utambi haunywi uji."

Akanieleza kwa mfano wa koroboi. Mafuta ya taa hupanda kwenye utambi kwa sababu ni mepesi. Mimina oili nzito kwenye koroboi uone kama utapata mwanga wa kudumu. Akaendelea: beringi hizi hazina gololi kwa sababu mafuta yenyewe ndiyo beringi. Spindo ikiwa imesimama inalala juu ya kasti, chuma kwa chuma. Ikianza kuzunguka inayavuta mafuta chini yake, na utando mwembamba wa mafuta unainyanyua mpaka inaelea. Nafasi kati ya spindo na tundu ni ndogo mno, kwa mashine ya inchi 9 ni kama thau moja tu, yaani sehemu moja ya elfu ya inchi. Kwenye nafasi hiyo mafuta mazito yanaingia kwa shida, na yakishaingia yanasuguana yenyewe kwa yenyewe na kuleta joto. Joto linaitanua spindo, nafasi inazidi kuwa ndogo, na mwisho wake niliuona.

Watengenezaji waliagiza mafuta mepesi ya spindo, ambayo kwa namba za leo yanaangukia kwenye ISO 22; namba hii hupanda kadiri mafuta yanavyokuwa mazito. Oili ya injini namba 40 iko kwenye ISO 150 hivi. Angalia umbali huo. Tena oili ya injini imetiwa sabuni ya kuushika uchafu uelee ndani ya mafuta mpaka filta iuchukue. Lezi yangu haina filta. Unga wa chuma ambao ungetulia chini ya kisima ulikuwa unapandishwa hadi kwenye utambi na kuuziba.

Tulifungua pamoja, na safari hii nilitazama kila hatua. Kisimani tulitoa tope jeusi, maganda yangu ya kijani, na sponji iliyokuwa imeyeyuka ikawa kama gundi. Spindo ilikuwa na mistari mitatu ya mikwaruzo upande wa mbele; ukipitisha kucha inakwama. Nikaenda kuchukua msasa. Mzee akanishika mkono. Chembe za msasa, alisema, zinajichimbia ndani ya kasti na kubaki humo. Ukishafunga, mashine inajisaga yenyewe kila siku. Kwenye spindo alitumia jiwe laini la kunolea lililolowa mafuta, akashusha vile vilima tu vilivyonyanyuka, mabonde akayaacha. "Bonde halidhuru," alisema, "linabeba mafuta." Ndani ya tundu alipaka wino wa bluu kwenye spindo, akaiingiza, akaizungusha kidogo, akaitoa, kisha akaparuza kwa skrepa pale tu palipoonyesha bluu iliyokolea. Kazi hiyo ilichukua siku mbili, na sehemu kubwa ya muda alikuwa anatazama tu.

Felti ilitusumbua kuliko vyote. Inatakiwa ya sufu halisi, na madukani felti nyingi ni za nyuzi za plastiki. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mtu anapodanganyika kirahisi. Mzee alichomoa uzi kwenye kila kipande nilicholeta, akauwasha kwa kiberiti. Vipande vitatu vya mwanzo viliyeyuka vikafanya kishanga kigumu cheusi. Cha nne kilijikunja, kikatoa harufu ya nywele zilizoungua, na nilipokifinya kikawa jivu vidoleni. Hiyo ndiyo sufu. Nilikipata kwa muuza vipuri vya matrekta ya zamani, shilingi 12,000. Tulikata tambi mbili, tukazitumbukiza kwenye mafuta mepesi usiku kucha mpaka zikalewa, kisha tukazijaribu: mkia wa utambi ndani ya kifuniko cha soda chenye mafuta, kichwa chake juu kikigusa kipande cha gazeti. Asubuhi gazeti lilikuwa na duara la mafuta pana kama kitako cha bilauri. Nilijaribu na sponji ya godoro kwa namna ileile. Gazeti lilikuwa kavu.

Wakati wa kurudisha spindo, utambi unashushwa kwa kidole mpaka springi ibane, kisha unapitisha waya mgumu kupitia tundu la kikombe cha mbele ili uushikilie huko chini. Spindo ikishakaa mahali pake unachomoa waya, na unasikia utambi ukipanda na kugota. Waya wa senti ishirini ungeniokoa na yote niliyokwisha kusimulia. Na hata kabla ya kutoa spindo, zishushe tambi na uzibane hivyohivyo.

Kisha vipimo. Beringi za mashine hii zina mpasuko upande mmoja, na ndani ya mpasuko kuna vibati vyembamba vilivyogandishwa pamoja kama kurasa za daftari. Mafundi huviita shimu. Juu yake kuna bolti. Wengi, nami nikiwemo, hulegeza na kukaza bolti hiyo kana kwamba ndiyo ya kurekebishia. Siyo. Bolti inatakiwa ikazwe sawasawa wakati wote, na nafasi inaamuliwa na shimu. Ukizitoa shimu zote ukakaza, unaweza kuipasua kasti, na hapo hakuna wa kukusaidia.

Tuliazima geji ya saa, kipimo cha sindano kinachoonyesha mchezo mdogo wa chuma, tukaisimamisha juu ya spindo karibu na beringi ya mbele. Tukapitisha bomba la chuma ndani ya tundu la spindo, tukalinyanyua kwa nguvu ya kama kilo 34, sawa na kunyanyua mfuko wa unga wa kilo 25 na mwingine wa 10. Sindano ikaonyesha thau 2. Inayotakiwa ni kati ya 0.0007 na 0.001 ya inchi, yaani milimita 0.018 hadi 0.025. Mzee akabandua karatasi moja ya shimu kwa wembe, taratibu, bila kuikunja. Tukakaza, tukanyanyua tena: sindano ikasimama chini kidogo ya thau 1. Akaizungusha spindo kwa mkono mmoja, ikaenda mizunguko kadhaa laini, ikasimama bila kugutuka. Akanitazama akasema, "Sasa ipe maji yake."

"Maji" yenyewe nilihangaika kuyapata. Mafuta ya spindo ya ISO 22 sikuyapata Tanga. Vituo vingi vya mafuta vina ya haidroliki ya 68, ambayo bado ni mazito kwa tambi hizi. Nilipata lita 5 za haidroliki ISO 32 kwa 45,000, na kwa joto letu la pwani, pamoja na mwendo wa wastani ninaoutumia, yamenifaa. Baadaye niliagiza ya 22 kutoka Dar, na ndiyo ninayotumia hadi leo. Kama una lezi ya aina hii na huna pa kuyapata, heri ya 32 kuliko kuweka chochote cha injini. Na grisi usiikaribishe kabisa. Ikiingia kwenye kikombe inaziba njia na utambi hauwezi kuinyonya.

Tuliiwasha bila kazi, mwendo wa chini kwanza, nusu saa, halafu tukapanda ngazi moja moja huku kiganja kikiwa juu ya kichwa. Uvuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha kiganja ukihesabu hadi kumi, zima usubiri. Kwenye mwendo wa juu kabisa ilipata joto la kikombe cha chai iliyoanza kupoa, na haikuongezeka tena.

Mzee alikubali 200,000 kwa siku zote hizo, na nilijua ananionea huruma. Nikanunua geji yangu mwenyewe, 85,000, ambayo ningeinunua kabla ya rangi kama ningekuwa na mtu wa kuniambia. Mkanda mpya ulishonwa na fundi viatu wa barabara ya 9 kwa 15,000, na mpaka sasa haujaachia. Ukijumlisha na kazi za wiki tano nilizozikosa, somo hili lilinigharimu zaidi ya milioni moja na nusu.

Mambo mengine niliyaelewa baadaye, nikifanya kazi. Puli yenye ngazi iliyo juu ya spindo nayo huzunguka kivyake juu ya spindo unapotumia gia za nyuma za mwendo mdogo, kwa hiyo inahitaji mafuta. Tundu lake la mafuta limefichwa chini ya skrubu ndogo kwenye moja ya ngazi za puli. Unaitoa, unatia mafuta, unairudisha. Nilikaa mwaka mzima bila kujua ipo. Upepo wa kompresa sipulizi tena kwenye kichwa cha lezi, kwa sababu unasukuma chembe mahali ambapo zisingefika zenyewe; natumia brashi na tambara. Jiwe la kusagia nimelihamishia upande wa pili wa karakana. Na kuna jambo naliona kila mahali na linaniuma: mtu anafunga kazi kwenye kikamatio, anaichomelea palepale, huku ameibana kole ya ethi, ile ya kurudishia umeme wa kuchomelea, kwenye kitanda cha lezi. Umeme wote ule unapita kwenye beringi. Unatoboa vishimo ambavyo huvioni mpaka kazi zako zianze kutoka na mawimbi.

Kabla hujanunua, au kabla hujafungua, jua kwanza beringi ulizonazo ni za aina gani. Jirani yangu ana Colchester Student. Ile ina roli za koni, inaogelea kwenye mafuta yaliyomo ndani ya kichwa, na kuna kioo cha kuonyesha kiwango. Kwake kanuni nyingine. Myford ML7 ina beringi za madini meupe laini zinazodondoshewa mafuta kwa matone kutoka juu. Ukichukua niliyoyasema ya utambi ukayapeleka kule, utaharibu vilevile.

Sasa hivi kila asubuhi, kabla ya kuvaa koti la kazi, nafungua vifuniko viwili kwa ukucha na kujaza mpaka mafuta yakae ukingoni bila kushuka. Halafu naizungusha spindo kwa mkono mara kumi, hasa ikiwa ni Jumatatu na mashine ililala siku nzima, ili tambi ziilowanishe kabla mota haijaanza. Mara moja kwa mwaka nafungua visima, nasafisha kwa mafuta ya taa, nakausha, natia mapya. Mwaka jana tambi nilizitoa nikazikagua. Ya mbele ilikuwa imeanza kung'aa kichwani kwa kukandamizwa, nikakata nyingine kwenye kile kipande cha felti cha muuza vipuri vya matrekta. Bado kimebaki cha kutosha tambi sita. Nakihifadhi kwenye kopo la maziwa, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, juu ya rafu ambapo unga wa chuma haufiki.

Yule mvuvi alirudi mwezi wa pili baada ya matengenezo, na bushi nyingine mkononi. Alikaa kwenye ndoo ileile. Nilipomaliza aliniomba aguse kichwa cha lezi, nikamwambia aguse. Akaacha kiganja pale mpaka nilipomaliza kumwandikia risiti.